Kununua kwa kundi mtandaoni: hesabu ya kujua kama nafuu ipo ukiwa Mbeya au Iringa

Tangazo linasema: blanketi zito la watu wawili, 55,000 badala ya 90,000, kundi likifika watu 10. Zimebaki nafasi 3. Juni hii Mbeya baridi inauma, Njombe ndiyo usiseme, na kidole kinataka kwenda chenyewe kwenye Lipa Namba. Kizuie kwanza. Kuna hesabu ya dakika kumi ya kufanya. Nafuu ya kununua kwa kundi ipo, lakini ni nadra iwe ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Kwa mtu wa nyanda za juu kusini, kinachoamua ni nauli ya mzigo na idadi ya watu watakaolipa kweli, kuliko ile asilimia ya punguzo yenye rangi nyekundu.

Bei zote za bidhaa na nauli humu ni za mfano, kwa shilingi. Ukishaelewa hesabu inavyokwenda, zitoe uweke zako.

Jua kwanza unaingia kundi la aina gani

Ya kwanza ni kuponi. Aliyeipa jina ni Groupon, iliyoanza Chicago mwaka 2008. Mwanzoni ofa haikuwa hai mpaka watu wa kutosha wajiandikishe. Wasipotimia, hakuna aliyekatwa pesa. Baadaye sharti la idadi likafifia, ikabaki kuponi ya punguzo tu. Mgawanyo wake wa kawaida ulikuwa hivi: huduma ya 40,000 inauzwa kuponi ya 20,000, na tovuti inachukua karibu nusu ya hiyo 20,000. Mwenye saluni au hoteli anabaki na kama 10,000 kwa kazi ya 40,000. Ukilijua hilo hushangai mteja wa kuponi anapopewa Jumanne tu, meza ya kona na orodha fupi ya vyakula. Mwenye biashara anaziba pengo lake.

Kwa hiyo kuponi ina nafuu kwa kitu ambacho ungekinunua hata isingekuwepo. Ukinunua tatu ukatumia mbili, ya tatu ikaisha muda, umelipa 60,000 kwa huduma mbili. Ni 30,000 kila moja, na lile punguzo la nusu limeshuka kuwa robo. Angalia pia kuponi inatumika tawi gani. Ya hoteli ya Dar haimsaidii mtu wa Mafinga asiye na safari, na kuitafutia safari ndiyo hasara yenyewe.

Ya pili ni bei ya timu. Pinduoduo ya China, iliyoanza mwaka 2015, ndiyo iliyoikuza: bidhaa moja ina bei mbili, ya kununua peke yako na ya kununua na wenzako. Unatuma kiungo kwa marafiki, kundi litimie ndani ya saa 24, lisipotimia pesa inarudi. Hapa nafuu ina chanzo cha kweli. Kiwanda kinapata oda nyingi kwa mpigo, na tangazo unalibeba wewe. Umegeuka mpiga debe, na mpiga debe wa stendi naye hulipwa. Ila ile bei ya peke yako usiihesabie chochote. Mara nyingi imewekwa pale ili ya kundi ionekane tamu.

Ya tatu ndiyo iliyojaa kwenye simu za watu wetu: kundi la WhatsApp la kuagiza Kariakoo au China, lenye admini anayekusanya oda na pesa. Kazi yake ni ile ile ya kijumbe wa mchezo wa upatu, maana hela za watu zinapita mkononi mwake, na humu tutamwita hivyo. Hakuna kampuni ya katikati inayoshikilia pesa mpaka mzigo ufike. Pia hakuna gharama ya matangazo wala mgao wa tovuti, ndiyo maana nafuu kubwa kuliko zote hupatikana huku, na vilio vikubwa kuliko vyote hutoka huku huku. Hatua zinazofuata zimeandikwa zaidi kwa ajili ya aina hii.

Hatua ya 1: Tafuta bei ya hapa, tena mbili

Ile 90,000 iliyofutwa kwa mstari ipuuze kabisa. Bei ya kulinganisha ni ile ambayo ungelipa leo kwenye masoko ya Mbeya kama Mwanjelwa na Soko la Sido, au kama uko Iringa, Miyomboni na Mashine Tatu, baada ya kupatana. Usichukue bei ya kutajiwa kwanza. Chukua ya kuachiwa.

Uliza maduka yasiyopungua matatu, na kila duka uliza maswali mawili. Kwa simu inatosha: "Habari za kazi kaka. Lile blanketi la kilo nne la watu wawili unaliachia shilingi ngapi? Na nikichukua kumi kwa mpigo?"

Swali la pili ndilo watu husahau, na ndilo lenye hela. Nguvu ya watu kumi haimilikiwi na tovuti yoyote. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa naye anajua kushusha bei akiona kumi zinaondoka asubuhi moja. Andika bei zote mbili kwenye daftari:

Moja, baada ya kupatana: 68,000.
Kumi kwa mpigo: uliza, andika, weka pembeni.

Hakikisha mnazungumzia kitu kile kile. Kwa blanketi ni uzito kwa kilo, ukubwa kwa sentimita, na tabaka moja au mbili. La kilo nne na la kilo sita kwenye picha yanafanana kama mapacha. Kwa sufuria ni unene wa bati na kipenyo, kwa daftari ni idadi ya kurasa. Kwa dumu la mafuta ni lita zilizoandikwa kwenye lebo, usipime kwa ukubwa wa dumu. Tangazo lisilotaja kipimo, muulize kijumbe. Asipojibu kwa namba, huna cha kulinganisha, na hesabu inaishia hapo.

Waliozoea Tunduma wataingiza na bei ya kule, kilomita mia moja na kidogo kutoka Mbeya. Sawa, ila weka nauli yako ya kwenda na kurudi na siku moja ya kazi uliyoiacha.

Hatua ya 2: Piga bei ya mlangoni

Bei ya mlangoni ni kila shilingi inayotoka mfukoni mwako mpaka kitu kinakaa sebuleni. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, hadi Iringa ni kama 500, na barabara hiyo hailipiwi na tangazo. Kwa watu 10 wanaoagiza blanketi moja moja, kwa mtu mmoja inakwenda hivi:

Bei ya kundi: 55,000
Makato ya kutuma pesa: 1,500
Nauli ya mzigo kwa basi, 40,000 kwa mabelo ya blanketi 10: 4,000
Bajaji kutoka stendi ya Nane Nane, 5,000 kwa mzigo wote: 500
Posho ya kijumbe: 1,000
Jumla: 62,000

Nafuu yako ni 6,000 ukilinganisha na 68,000 ya Mwanjelwa. Tangazo lilisema 35,000. Shilingi elfu sita si haba, zinanunua kilo kadhaa za unga, lakini ni chini ya asilimia 9, na utaisubiri kwa wiki nzima ukijifunika kanga.

Sasa chukua blanketi lile lile ukiagiza peke yako kwa bei ile ile ya 55,000. Makato 1,500, nauli ya kifurushi kimoja 10,000, bodaboda 3,000. Jumla 69,500. Umepata hasara ya 1,500 kwa kununua kitu chenye punguzo. Ndiyo sababu ya kusema kwamba kilichokuokoa mwanzo ni kugawana nauli. Tovuti nyingi hukusanya watu waliotawanyika, mmoja Bukoba, mwingine Tanga, wewe Uyole. Bei inashuka kwa pamoja lakini kila mtu anasafirishiwa peke yake. Kundi la kukufaa ni la watu wanaoweza kuchukua mzigo sehemu moja: wapangaji wa nyumba jirani, walimu wa shule moja, wanakwaya, kikoba.

Rudi sasa kwenye daftari. Kama yule wa Mwanjelwa alisema kumi atawaachia kwa 61,000, kazi imekwisha. Chukueni hapo. Mtayashika kwa mkono, mtayapima, na likiwa na kasoro mnarudi nalo kesho yake.

Makato ya kutuma pesa yanategemea kiasi na mtandao, kwa hiyo yaangalie kwenye simu yako kabla ya kuyaandika. Na mkubaliane mapema nani anabeba ya kutolea. Kijumbe akipokea kwa namba ya kawaida kisha akatoa taslimu kwa wakala, makato hayo ni ya mtu fulani, na asipotajwa mtu atakuja kuyaomba mwishoni. Ugomvi wa makundi mengi huanzia kwenye vitu vya 2,000 namna hii.

Hatua ya 3: Ijaribu hesabu kwa kuivunja

Hesabu ya watu 10 ni nzuri siku ya kwanza. Ifanye tena ukidhani mambo mawili yameharibika.

Jambo la kwanza, wawili wamejitoa. Wauzaji wengi wa jumla wana bei za ngazi. Tuseme pisi 10 na zaidi ni 55,000, pisi 6 hadi 9 ni 59,000. Mmebaki 8: bei 59,000, makato 1,500, nauli 36,000 gawa kwa 8 ni 4,500, bajaji 5,000 gawa kwa 8 ni 625, kijumbe 1,000. Jumla 66,625. Nafuu imebaki 1,375. Watu wawili tu wamekula zaidi ya robo tatu ya nafuu ya wanane.

Jambo la pili, blanketi moja limekuja na tundu na muuzaji harudishi. Kundi la 10 lililipa 620,000. Mazima ni 9, kila moja limegharimu karibu 68,900. Hiyo imeipita bei ya Mwanjelwa. Kimeo kimoja katika kumi kimefuta nafuu ya kundi zima, na swali la nani anabeba hicho kimeo halijajibiwa bado.

Kanuni tunayoitumia: kama bei ya mlangoni haijashuka chini ya bei ya hapa kwa angalau asilimia 15, na bidhaa haina dhamana inayofanya kazi hapa mkoani, acha. Asilimia 15 si namba takatifu. Ni nafasi ya kubeba kimeo kimoja au mtu mmoja anayejitoa. Kwa blanketi letu la 68,000, bei ya mlangoni ingepaswa iwe 57,800 au chini. Ile 62,000 imefeli mtihani.

Hatua ya 4: Mzigo ukitoka China, pima boksi kwanza

Hapa wengi huumia kwa sababu bei ya kiwandani inalevya. Mfano ni jiko la presha la umeme. Linatafutwa sana huku, na kwa haki: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na maharage yanachelewa kuiva. Kwenye mtandao unaliona kwa 60,000. Mbona Mwanjelwa ni zaidi ya mara mbili? Pima boksi.

Omba vipimo vya katoni kwa sentimita na uzito kwa kilo. Tuseme ni 35 kwa 35 kwa 35, kilo 4.5.

Kwa meli, wakala hutoza kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo, gawa kwa 1,000,000. Hapa ni 42,875 gawa kwa 1,000,000, sawa na CBM 0.0429. Wakala akitoza 1,000,000 kwa CBM, jiko moja linabeba nauli ya karibu 42,900. CBM moja inameza majiko 23.

Kwa ndege, hutozwa kilo halisi au kilo za ujazo, ile iliyo kubwa. Kilo za ujazo hupatikana kwa kugawa sentimita zile za ujazo kwa 6,000, na wengine hugawa kwa 5,000, kwa hiyo uliza. 42,875 gawa kwa 6,000 ni kilo 7.15. Mizani inasema 4.5, wewe unalipia 7.15. Kwa 25,000 kwa kilo ni 178,750 za nauli juu ya jiko la 60,000. Ndege ni ya vitu vidogo vizito vya thamani: vipuri vya simu, saa, vito. Kitu chenye tumbo wazi ndani, kama jiko, ndoo, taa ya kivuli au begi, kisafiri kwa meli, na meli ni wiki nyingi. Ukiagiza Mei ukitegemea baridi ya Juni, umeagiza kwa ajili ya mwakani.

Halafu uliza swali hili kwa maandishi: "Hiyo bei ya CBM ina ushuru na VAT ndani, au ni nauli tu?" Mawakala wengi hutoza bei moja yenye kila kitu, wengine hawatozi hivyo. Ushuru wa forodha unahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Kodi inapigwa juu ya kodi, na aliyesahau mstari huo anashtukia bandarini. Uliza pia mzigo unaishia ghala la Dar au unafika Mbeya. Kama ni Dar, ongeza kipande cha Dar hadi kwako kama tulivyofanya kwenye blanketi.

Kwa chochote cha umeme, thibitisha volti na plagi kabla kundi halijalipa. Tanzania tunatumia volti 230. Kifaa kilichoandikwa 110 pekee kitaungua siku ya kwanza, na kitaungua kwa watu wote kwa sababu mliagiza pamoja. Kifaa cha soko la China huwa cha volti 220, kinafanya kazi, ila plagi yake haiingii vizuri kwenye soketi zetu za pini tatu. Mwandikie muuzaji mtake plagi ya Uingereza. Kiwandani ni jambo dogo. Kwa fundi wa hapa ni kubadilisha plagi 23.

Hatua ya 5: Mkague anayeshika pesa

Ukiingiza namba kwenye simu, jina la mpokeaji linatokea kabla ya kuweka namba ya siri. Lisome. Kundi linaitwa jina la duka, pesa inaingia kwa jina la mtu ambaye hayumo hata kwenye kundi: simama hapo hapo, usiweke namba ya siri. Lipa Namba ya biashara inaonyesha jina la biashara, na hiyo ni afadhali. Anayesema ana kampuni, mwombe namba ya TIN, yaani ya mlipakodi, na jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha ulitafute jina hilo kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni. Mwenye kitu halisi hakasiriki kwa hilo.

Nafasi "3 zilizobaki" ni rahisi kuzijaribu. Piga picha ya skrini, rudi kesho kutwa. Kama bado ni 3, na saa ya kuhesabia muda imeanza upya, hapakuwa na kundi. Ni bei yake ya kila siku tu.

Kwa kundi la WhatsApp, kanuni za upatu zinafaa kuliko mkataba wowote wa kurasa nne:

Orodha inabandikwa wazi kundini: jina, idadi, kiasi alicholipa, tarehe. Kila anayelipa anasasisha mwenyewe na kuambatanisha ujumbe wa muamala.

Kianzio ni nusu, na mtu akijitoa baada ya oda kutumwa, kianzio chake kinalipa tofauti ya bei aliyowasababishia wenzake, kinachobaki anarudishiwa. Kiandikeni kabla ya shilingi ya kwanza. Kwenye mfano wa juu, wawili waliojitoa waliwagharimu wanane 4,625 kila mmoja, jumla 37,000, yaani 18,500 kila aliyejitoa. Kianzio cha 27,500 kinatosha kuifidia. Kianzio cha 5,000, kile kishika uchumba cha makundi mengi, hakitoshi hata robo tatu ya tatizo. Kwa kweli hakitoshi hata theluthi.

Tarehe ya mwisho iwe moja na isiongezwe. Kundi linaloongeza siku mbili mbili "tupate watu wengine" linamsubirisha aliyelipa mapema, na bei ya muuzaji haisubiri.

Posho ya kijumbe itajwe. Kijumbe anayedai hachukui kitu ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameificha ndani ya bei, na hapo hamjui mnamlipa kiasi gani. Elfu moja kwa pisi iliyo wazi ni bora. Na muuzaji alipwe kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina, idadi na aina ya bidhaa. Risiti hiyo ndiyo itakayozungumza kama mzigo una kasoro. Picha ya skrini ya muamala inaonyesha pesa imetoka, haionyeshi imenunua nini.

Hatua ya 6: Pokea mzigo kama karani wa ghala

Mwambie anayepakia Dar aandike kwenye mzigo kwa wino usiofutika: jina, namba ya simu, mji, na idadi ya vifurushi, kwa mfano "1 kati ya 2". Apige picha ya mzigo ukiwa umefungwa na picha ya risiti ya ofisi ya mizigo ya basi. Bila risiti hiyo, kudai mzigo uliopotea ni kubembeleza. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, kwa hiyo nguo, blanketi na madaftari yafungwe kwenye nailoni nzito kwanza, ndipo kiroba. Waliopo Mafinga na Makambako wajue saa ya basi kupita. Mzigo wa kushushwa njiani usiku bila mtu wa kuupokea hupelekwa mpaka mwisho wa safari, na kuurudisha ni nauli nyingine.

Kabla ya kusaini, angalia fundo na kamba. Kama kifurushi kimefunguliwa na kufungwa upya, sema mbele ya karani na piga picha hapo hapo kaunta. Nyumbani fungueni mbele ya watu wawili au zaidi, video ikirekodi bila kukatwa tangu kamba ya kwanza. Hesabu, kisha pima. Mizani ya muuza viazi inatosha: kama mliagiza la kilo nne na linasoma kilo tatu na robo, mmeuziwa daraja jingine kwa bei ya lile. Hii hutokea zaidi kuliko matundu, na wengi hawaijui kwa sababu hawapimi.

Kasoro zote zikusanywe zitumwe kwa muuzaji siku hiyo hiyo kwa ujumbe mmoja wenye picha, namba ya risiti na mnachotaka, kubadilishiwa au kurudishiwa kiasi gani. Watu kumi wakituma malalamiko kumi ya nyakati tofauti, muuzaji hujibu wawili.

Nini cha kununua kwa kundi, nini cha kuacha

Vinavyofaa ni vitu vinavyofanana pisi kwa pisi, visivyooza, ambavyo mngevinunua tu: madaftari kwa katoni kabla ya shule kufunguliwa Januari, sabuni, mafuta ya kula, sare za kitambaa kimoja zitakazoshonwa hapa hapa, buti za mvua kama kila mtu ameshajaribisha saizi yake dukani.

Viatu vya mtindo kwa saizi za kukisia, hapana. Belo la mitumba kwa kundi la watu wasio wafanyabiashara, hapana, maana hakuna belo lenye pisi kumi sawa na atakayechagua kwanza atachukiwa. Simu na runinga zisizo na dhamana ya kushughulikiwa mkoani, hapana. Mbegu na viuatilifu vya kuchangiwa mtandaoni usiguse: nunua kwa duka la pembejeo lenye risiti, mbegu iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa sababu mbegu feki hulipi kwa bei yake, unalipa kwa msimu mzima. Na kama ofa ni ya viazi mviringo, mchele wa Kyela au parachichi, angalia vimetoka wapi kabla hujavisafirisha kurudi vilikotoka.

Ikiharibika kabisa

Pesa imetumwa, namba imezimwa, kundi limefutwa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, taja namba ya muamala na omba pesa izuiwe; ina nafasi tu kama haijatolewa kwa wakala, kwa hiyo usianze kwa kulalamika kundini. Tuma namba ya tapeli kwa SMS kwenda 15040. Nenda polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, mkiwa na orodha ya waliolipa, ujumbe wa miamala na picha za skrini zinazoonyesha namba ya simu, maana jina la kundi peke yake halimpeleki mpelelezi popote. Nendeni kama kundi, lalamiko moja lenye jumla ya 620,000, badala ya watu kumi wenye 62,000 kila mmoja.

Kama muuzaji yupo na anajibu lakini bidhaa ni bandia, yenye nembo ya kampuni isiyoitengeneza, hiyo ni ya Tume ya Ushindani, FCC. Kama ni kifaa kisichokidhi viwango, kwa mfano jiko linalopiga shoti, ni ya Shirika la Viwango, TBS. Kote mtaulizwa kitu kimoja kwanza: risiti iko wapi, na ina jina la nani. Amueni mapema nani anaitunza ile halisi, na wengine wote wawe na picha yake, kwa sababu wino wa risiti za EFD hufifia ndani ya miezi michache ukikaa kwenye jua au kwenye pochi.